Kila Kiatu na Mguu Wake: Mpira wa Motokari na Janti Yake

Mtu anunuaye viatu sokoni hatazami rangi peke yake. Huuliza namba, huvaa, hutembea hatua mbili tatu, ndipo atoe fedha. Ajuaye kununua viatu hivi, akienda kununua mpira wa motokari yake, mara nyingi hutazama mambo mawili tu: bei, na kama meno ya mpira hayajalika sana. Namba zilizoandikwa ubavuni mwa mpira hazisomi, wala zile zilizopigwa katika chuma cha gurudumu. Humwachia fundi, na fundi, akiwa mvivu au mwenye haraka, huiachia nyundo.

Lakini namba zile hazikuwekwa kwa urembo. Katika nchi yetu lori moja hubeba pamoja magunia ya muhogo, mama aendaye kujifungua hospitalini na watoto warudio shule. Mpira usiolingana na chuma chake waweza kuwaangusha wote bondeni. Tena waweza kumwua fundi kabla lori halijatoka garajini. Ndiyo maana twaona yafaa kulieleza jambo hili polepole, ili baba mwenye gari, kijana anayejifunza ufundi, na hata mwanafunzi mwenye baisikeli, kila mmoja apate fungu lake.

MANENO TUTAKAYOTUMIA

Kwanza tupatane juu ya maneno. Janti, ambayo wengine huiita rimu, ni duara la chuma ambalo mpira huvishwa juu yake. Mpira una meno yanayokanyaga barabara, una mbavu mbili, na una midomo miwili inayobana juu ya janti. Mdomo ndio sehemu tunayoisahau, nao ndio wenye siri yote. Ndani yake mna kamba ya nyaya za chuma iliyofunikwa kwa mpira. Kamba hiyo hainyumbuki. Mpira wenyewe huvutika, ubavu hupinda, lakini mdomo hauongezeki hata unene wa ukucha. Basi kama janti ni kubwa kuliko mdomo, hakuna hewa wala nguvu ya mtu iwezayo kuupanua mdomo ule: wautakata tu.

ASILI YA JAMBO HILI

Mpira wenye hewa ulivumbuliwa mara mbili. Mwaka 1845 Robert William Thomson, mtu wa Scotland, alipewa hati ya uvumbuzi, lakini motokari zilikuwa hazijazaliwa, na watu wakamsahau. Mwaka 1888 Mskoti mwingine, John Boyd Dunlop, tabibu wa wanyama katika mji wa Belfast, alipata hati yake baada ya kuujaribu mpira wa namna hiyo juu ya baisikeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake. Mpira wa Dunlop ulifungwa na kugandishwa juu ya gurudumu. Ukitoboka, kuubandua ilikuwa taabu kubwa.

Mwaka 1890 Mwingereza Charles Kingston Welch alipata shauri jipya. Alitia waya isiyonyumbuka katika midomo ya mpira, na katikati ya janti akaweka bonde. Fundi asukumapo upande mmoja wa mdomo ndani ya bonde lile, upande wa pili hupata nafasi ya kuvuka ukingo wa janti. Mwaka 1891 ndugu wawili wa Ufaransa, André na Édouard Michelin wa Clermont-Ferrand, nao wakatoa mpira wa baisikeli uwezao kuvuliwa na kurudishwa kwa urahisi. Toka siku zile mpira na janti vikawa vitu viwili vinavyoachana na kuoana tena. Na hapo ndipo haja ya vipimo ilipoanza.

Haifai tusahau kwamba starehe ile ya Ulaya ililipiwa kwa machozi huku kwetu. Viwanda vilipotaka mpira mwingi katika miaka ya 1890, watu wa Dola Huru la Kongo, lililokuwa mikononi mwa mfalme Leopold II toka 1885 hata 1908, walilazimishwa kuingia mwituni kukinga utomvu. Asiyeleta kiasi alichoagizwa aliadhibiwa. Vijiji vilichomwa, na watu wengi sana wakafa. Gurudumu lenye hewa ni kitu chema, lakini wazee wetu walilijua kwa uchungu kabla hatujalipanda.

JINSI YA KUSOMA NAMBA

Tuchukue mpira mmoja unaoonekana sana katika motokari ndogo. Ubavuni umeandikwa: 195/65 R 15 91 H. Tuyasome maandishi hayo moja moja.

195 ni upana wa mpira kutoka ubavu hata ubavu, kwa milimita.

65 ni kimo cha ubavu. Si milimita 65, kama wengi wadhanivyo, bali ni sehemu 65 katika 100 za upana. Kwa hiyo ubavu huu una kimo cha milimita 127 hivi.

R ni radiali, yaani nyuzi za ndani zimepangwa kutoka mdomo mmoja moja kwa moja hata mdomo wa pili. Michelin walipata hati ya mpira wa namna hii mwaka 1946 na kuanza kuuuza mwaka 1949.

15 ni kipenyo cha janti kwa inchi. Inchi moja ni milimita 25.4, basi inchi 15 ni milimita 381. Namba hii ndiyo isiyokubali mapatano yoyote. Mpira wa 15 huvaa janti ya 15, wala si 14, wala si 16.

91 ni namba ya mzigo. Katika orodha ya kimataifa 91 maana yake kilo 615 kwa mpira mmoja.

H ni alama ya mwendo: mpira huu usipite kilometa 210 kwa saa.

Sasa tutazame janti. Pengine imepigwa chapa hii: 6 J x 15. Namba 6 ni upana wa ndani kati ya kingo mbili, kwa inchi; J ni umbo la ukingo; 15 ni kipenyo. Zaidi ya hayo matundu ya bulonzi lazima yalingane na ya gari. Janti yenye matundu matano juu ya duara la milimita 100 haiwezi kufungwa vema penye duara la milimita 114.3, hata kama mpira umeikaa sawasawa.

NUSU INCHI INAYOUA

Msomaji atasema: nani asiyeona tofauti ya 15 na 16? Kweli, hiyo huonekana upesi, kwa maana mpira hukataa kabisa. Hatari ipo pale tofauti ilipo ndogo, na mpira ukubalipo kuingia nusu.

Toyota Land Cruiser nyingi za kazi, zinazopita katika barabara zetu mbaya, huvaa mpira wa 7.50 R 16. Lakini Marekani walitengeneza pia, kwa malori madogo, janti za inchi 16 na nusu, zinazoandikwa 16.5, hata gari la jeshi lao liitwalo Humvee hutumia kipimo hicho. Tofauti ni nusu inchi, karibu milimita 13. Mpira wa 16 huweza kuvushwa juu ya ukingo wa janti ya 16.5 kwa kutumia lile bonde la katikati, na mtu akadhani kazi imekwisha. Akitia hewa, mdomo wa upande mmoja hukaa, wa pili haukai. Haukai kwa kuwa hauwezi: kikao chake ni kikubwa kuliko waya yake. Fundi asiyejua huongeza hewa. Mpira unakaza, unalia, yeye anaongeza tena. Mwisho nyaya za mdomo hukatika, na gurudumu lote hurushwa kwa kishindo. Huko Marekani watu wameuawa kwa namna hii, na ndiyo maana mipira mingi ya inchi 16 imeandikwa ubavuni onyo la kutovishwa juu ya janti ya 16.5.

Kuna mtego mwingine wa namna hiyo. Mwaka 1975 Michelin walitoa mpira ulioitwa TRX, wenye janti zilizopimwa kwa milimita, kama 365 na 390. Motokari kadhaa za Ulaya za miaka ile, na baadhi ya Peugeot 505 zikiwamo, zilivaa janti ya 390. Sasa 390 na 381 zakaribiana sana, lakini si ndugu. Mwenye gari kuukuu la namna hiyo asikubali mpira wa inchi 15: abadili janti zote nne, au atafute mpira wake halisi.

Katika malori makubwa udanganyifu ni wa macho. Mpira wa 12.00 R 20 na ule wa 13 R 22.5 vikisimamishwa pamoja, vimo vyao karibu ni sawa. Lakini wa kwanza hutumia mpira wa ndani na huvaa janti ya vipande yenye pete ya chuma. Wa pili hauna mpira wa ndani, na janti yake ni kipande kimoja, chenye vikao vilivyoinama nyuzi 15. Nje ni mapacha, ndani ni wageni. Basi usipime mpira kwa fimbo kutoka chini hata juu ukasema: nimepata. Soma namba ya mwisho.

UPANA NAO UNA MIPAKA YAKE

Kipenyo hakina huruma. Upana una huruma kidogo. Mpira ule wa 195/65 R 15 waruhusiwa kuvaa janti yenye upana tangu inchi 5 na nusu hata inchi 7, na iliyo bora ni 6. Nje ya mipaka hiyo huanza hasara.

Janti ikiwa nyembamba mno, midomo husogezwa karibu, mbavu hufura, na katikati ya mpira huinuka. Meno ya katikati hulika kwanza, na gari huyumbayumba katika kona. Janti ikiwa pana mno, mbavu huvutwa kama ngoma, pembeni mwa mpira hulika, na shimo moja la barabarani latosha kuutoa mdomo katika kikao chake, hewa ikatoka mara moja. Aonaye mpira wake unalika upande mmoja au katikati, asimlaumu muuzaji kabla hajapima hewa na kusoma upana wa janti.

JANTI MOJA, MZIGO TOFAUTI

Hapa twaomba wenye mabasi madogo ya abiria watusikilize vema. Mipira miwili yaweza kukaa barabara juu ya janti za inchi 15, na mmoja wao akawa hafai kabisa. Mfano ni huu: mpira wa motokari ndogo 195/65 R 15 wenye namba 91, na mpira wa basi dogo 195 R 15 C wenye namba 106. Upana ni 195 pande zote mbili, janti ni 15 pande zote mbili. Lakini 91 ni kilo 615, na 106 ni kilo 950. Herufi C yaonyesha mpira wa gari la mizigo, wenye nyuzi imara na uvumilivu wa hewa nyingi.

Tofauti kwa gurudumu moja ni kilo 335. Kwa magurudumu manne ni kilo 1,340, yaani uzito wa watu wazima karibu ishirini pamoja na mizigo yao midogo. Mtu akivisha basi mipira ya motokari ndogo kwa kuwa ni rahisi, abiria wale wote hukaa juu ya kitu kisicho na nguvu ya kuwabeba. Asubuhi hakuna litakaloonekana. Jua likipanda, barabara ikiwa na joto na basi limejaa, mpira hupata moto ndani, nyuzi huachana, na gurudumu hupasuka likiwa mbioni. Wahenga walisema: rahisi ghali.

Kadhalika katika lori lenye magurudumu mapacha nyuma, mapacha yawe na kimo kimoja. Lililo refu kidogo hubeba mzigo wa mwenzake pia, huchoka na kupasuka kwanza. Na la pili, likiachwa peke yake, halidumu.

NENO KWA WENYE BAISIKELI

Wengi wetu hatuna motokari, bali tuna kinga, yaani baisikeli, ibebayo makaa, mawese na ndizi. Nayo ina mtego wake, tena mbaya kuliko ule wa motokari, kwa kuwa namba za zamani zafanana majina na kutofautiana mwili.

Baisikeli kubwa ya kazi ya namna ile ya kale huvaa mpira wa 28 x 1 1/2. Kipenyo cha kikao chake ni milimita 635. Lakini baisikeli nyingine, za namna ya Ulaya, nazo huitwa za 28, na kikao chao ni milimita 622. Mpira wa 622 hauvuki juu ya janti ya 635. Mpira wa 635 juu ya janti ya 622 huingia kama kofia ya baba kichwani mwa mtoto: hulegea, na siku ya mteremko huchomoka. Za 26 ndizo mbaya zaidi: 26 x 1 3/8 ni milimita 590, bali 26 x 1.75 ni milimita 559.

Dawa ipo. Siku hizi ubavuni mwa mipira mingi ya baisikeli pameandikwa namba mbili zenye kistari kati yao, kama 40-635. Ya kwanza ni upana, ya pili ni kipenyo cha kikao kwa milimita. Acheni majina, shikeni namba hii ya pili. Mpira wa ndani nao uwe wa kipimo chake: ulio mdogo huvutika na kuwa mwembamba, ulio mkubwa hujikunja na kujisugua hata ukatoboka.

KWA VIJANA WA GARAJI

Vijana wetu wengi hujifunza kazi ya mipira kando ya barabara. Ni kazi ya halali, tena ya lazima, lakini yataka heshima. Mpira wa lori hutiwa hewa ya bari 8. Bari 8 ni karibu kilo 8 juu ya kila sentimita moja ya mraba. Kiganja chako chenye sentimita mia moja za mraba, kikiwekwa mbele ya hewa hiyo, kingesukumwa kwa kilo 800. Pete ya janti ya vipande isipokaa vema katika mfereji wake, huruka kama risasi. Mwaka 1980 serikali ya Marekani iliamuru kwamba magurudumu ya vipande yatiwe hewa ndani ya kizimba cha chuma, naye fundi asimame kando. Kizimba hicho chaweza kuchomelewa kwa mabomba mazito na fundi hodari wa mji wowote.

Basi kijana, shika haya. Ondoa hewa yote kabla ya kufungua pete. Na magurudumu yakiwa mapacha, ondoa ya yote mawili kabla ya kulegeza nati. Sugua kutu, usichanganye pete ya janti moja na mwili wa janti nyingine. Paka midomo maji ya sabuni. Usipake petroli wala grisi, maana mafuta huoza mpira. Usimwage petroli na kuwasha moto ili mdomo ukae: huko ni kucheza na bomu. Mpira wa gari dogo ukifika bari 2.75 na mdomo haujakaa, usiongeze. Toa hewa yote, soma namba upya. Pengine mpira wakuambia kwamba si wa janti ile.

HESABU KWA WANAFUNZI

Gari huvaa 195/65 R 15. Mwenyewe ataka janti za 16, na muuzaji ampa 205/55 R 16. Je, kimo cha gurudumu kitabadilika?

Gurudumu la kwanza: 15 x 25.4 = 381. Ubavu ni 195 x 0.65 = 126.75, nazo mbavu mbili, ya juu na ya chini, ni 253.5. Jumla milimita 634.5.

Gurudumu la pili: 16 x 25.4 = 406.4. Ubavu ni 205 x 0.55 = 112.75, mbili ni 225.5. Jumla milimita 631.9.

Tofauti ni milimita 2.6 tu. Saa ya mwendo haitadanganya, na mpira hautagusa bodi. Badiliko hilo ni jema, ikiwa namba ya mzigo haikupungua na upana wa janti waruhusiwa. Sasa jaribuni wenyewe kwa 195/50 R 15. Mtaona kwamba gurudumu limepungua karibu milimita 58, ingawa janti ni ile ile.

YA KUKUMBUKA

Kabla ya kutoa fedha yako, andika katika karatasi namba zote za mpira ulio garini, na za kibandiko kilicho mlangoni mwa dereva, maana huenda mwenye gari wa kwanza alikosea. Kipenyo kilingane kabisa. Upana uwe ndani ya mipaka. Namba ya mzigo isiwe chini ya ile iliyoagizwa na kiwanda. Tazama pia namba nne zilizo mwisho wa maandishi ya DOT: 2319 maana yake juma la 23 la mwaka 2019. Mpira uliokaa miaka mingi jalalani Ulaya, hata ukiwa na meno marefu, ni mzee.

Na ninyi wazazi mnaompeleka mtoto kujifunza garajini, msiulize tu mshahara utaanza lini. Ulizeni kama bwana wa garaji ana kipimo cha hewa kinachosema kweli, na kama ana kizimba cha chuma. Asipokuwa navyo, mtafutieni mtoto bwana mwingine.